Kumtambua Babu Askari katika Picha za Familia za Enzi za Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu picha za Waafrika wa Afrika Mashariki waliotumikia katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) na Vita Kuu ya Pili (1939–1945): askari wa Keya, yaani jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, askari wa Kijerumani, pamoja na wale waliobeba mizigo, walioendesha malori, waliopika na waliouguza majeruhi. Picha hizo zimo majumbani mwetu, chini ya nguo katika masanduku na nyuma ya picha nyingine ukutani, na wazee wanaoweza kuzisoma wanapungua kila mwaka. Kanuni inayoongoza majibu yote ni moja: jina lisiandikwe kwenye picha mpaka ushahidi wa aina mbili tofauti ukutane, kwa mfano simulizi ya mzee na alama iliyomo katika sare, au muhuri wa studio na karatasi ya jeshi.

Nianze na picha au nianze na wazee?

Anza na wazee, kwa sababu picha itakungoja na wao hawatakungoja. Namna ya kuuliza ndiyo inayoharibu au kuokoa kazi nzima. Ukimwonyesha bibi picha na kumwambia, "Huyu si ndiye babu yule aliyekwenda vitani?", mara nyingi atakubali, ama kwa heshima, ama kwa kuchoka, ama kwa sababu umekwisha kumtilia wazo hilo kichwani. Muulize tu, "Bibi, hawa unawafahamu?", kisha unyamaze. Mpe muda wa kuishika picha, kuigeuza na kuisogeza kwenye mwanga. Wazee wengi humtambua kwanza mtu aliye pembeni, au kiti, au nyumba iliyo nyuma, na jina la askari huja baadaye likifuata mambo hayo.

Waulize wazee wawili kila mmoja kwa wakati wake, wasisikilizane. Wakitaja jina moja bila kuambiana, umepata jambo zito. Wakitaja majina mawili, yaandike yote mawili pamoja na aliyelitaja kila moja, na usimlazimishe yeyote kumfuata mwenzake. Rekodi sauti kwa simu ukiwa umeomba ruhusa, kwa sababu maneno yaleyale ya mzee, pamoja na makosa ya majina ya miji, huwa na habari ambayo muhtasari wako hautaibeba.

Familia inasema alikuwa "askari" katika "vita vya Mjerumani". Maneno hayo yanatosha?

Hayatoshi, na ni vema kuyachunguza moja moja. Neno askari katika Kiswahili limewahusu mwanajeshi, polisi, mlinzi wa gereza na hata mlinzi wa lango, na sare za polisi wa kikoloni zilifanana mno na za jeshi kwa mtu asiyezichunguza. Neno Keya ni la uhakika zaidi, kwa kuwa linatokana na herufi K.A.R. za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, Kenya ya leo na Nyasaland, yaani Malawi.

Vita vya Mjerumani navyo vinaweza kuwa vya 1914 hadi 1918, lakini kwa mzee wa kusini mwa Tanzania vinaweza pia kuwa Maji Maji ya 1905 hadi 1907, na kwa kijana aliyezaliwa mwaka 1930 vinaweza kuwa vita vya Hitla. Uliza majina ya mahali. Anayesema alikwenda Habeshi anazungumzia Ethiopia ya 1940 na 1941. Anayesema Bukini anazungumzia Madagaska, ambako brigedi ya Afrika Mashariki ilipelekwa mwaka 1942. Anayetaja Selani na Burma anazungumzia safari iliyoanza 1943, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kabla ya kuingia bonde la Kabaw na kuuvuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Anayesimulia Tanga, Mahiwa au kutembea hadi Msumbiji na kurudi anazungumzia vita vya kwanza.

Nitajuaje kama picha ni ya vita vya kwanza au vya pili?

Tazama kichwa, kisha miguu, kisha bunduki, kwa mpangilio huo.

Kichwani, askari wa Keya wa vita vya kwanza huonekana na tarabushi ndefu yenye kishada, au kofia fupi ya duara iliyofunikwa kitambaa cha kaki, mara nyingine kikiwa na kipande kinachoning'inia nyuma kukinga shingo. Katika vita vya pili vazi linalotawala ni kofia ya pama ambayo ukingo wake umekunjwa na kubanwa upande mmoja. Pama hilo peke yake linakuondoa katika miaka ya 1914 hadi 1918, ingawa halikuhakikishii kwamba picha ni ya kabla ya 1945, kwa sababu Keya waliendelea kulivaa baada ya vita.

Miguuni, askari wa Keya aliyesimama pekupeku au kwa makubazi, huku amezungushiwa vitambaa virefu kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti, si jambo la kushangaza kwa vita vya kwanza na kwa miaka iliyofuata. Usidhani kwamba alikuwa mpagazi kwa sababu hana viatu. Waliokwenda Burma walivaa buti, na sare yao ilikuwa ya kijani cha msituni badala ya kaki, kwa hiyo katika picha isiyo na rangi huonekana nzito na yenye giza kuliko kaki ya kawaida.

Bunduki ni shahidi mzuri kwa sababu haikuathiriwa na mtindo wa fundi cherehani. Ile Lee-Enfield fupi ya Waingereza ina mbao inayofika karibu kabisa na mdomo wa mtutu, hivyo ncha yake inaonekana butu, kama pua ya ng'ombe. Ile iliyofuata katika vita vya pili ina kipande cha mtutu kinachochomoza mbele ya mbao. Bunduki za zamani za Kijerumani za modeli ya 1871, ambazo askari wao wengi walianzia nazo vita, ni ndefu na mtutu wake uko wazi zaidi.

Alikuwa upande wa Wajerumani au wa Waingereza?

Swali hili linahusu vita vya kwanza, na kwa familia za Tanzania ni swali la kweli kabisa. Askari wa Kijerumani, aliyetumikia jeshi lililoitwa Schutztruppe, alivaa kaki, vitambaa vya miguuni, mara nyingi viatu vya kamba, na tarabushi yenye kifuniko cha kaki ambayo mbele ilikuwa na tai wa Kifalme wa madini meupe. Ukikuza picha ukaona ndege mwenye mbawa zilizokunjuka katikati ya paji la kofia, umekaribia jibu. Ukiona nambari au herufi badala ya ndege, fikiria Keya.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na picha mbili katika majeshi mawili. Mwaka 1917 Waingereza waliunda upya Batalioni ya 6 ya Keya, na ndani yake waliingiza askari waliokuwa wa Wajerumani wakatekwa au wakajitoa. Batalioni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya Tanganyika. Familia inapobishana, huyu akisema alikuwa wa Mjerumani na yule akisema alikuwa wa Mwingereza, wote wawili huenda wanasema kweli. Vivyo hivyo baba na mwana: Kleist Sykes wa Dar es Salaam alipigana upande wa Wajerumani katika vita vya kwanza, na wanawe Abdulwahid na Ally wakavaa sare ya Keya katika vita vya pili na kufika Burma. Ndani ya sanduku moja la nyumba moja panaweza kulala sare za maadui wawili, na si busara kuitupa picha moja kwa sababu hailingani na nyingine.

Tepe zilizo mkononi zinaniambia nini?

Katika Keya, tepe zenye umbo la V, ncha ikitazama chini, juu ya kiwiko, ni za cheo: moja ni ya naibu koplo, mbili ni za koplo, tatu ni za sajini. Katika jeshi la Kijerumani askari wa Kiafrika walikuwa na vyeo vyenye majina yaliyotoka Misri na Uturuki, nayo yamebaki katika simulizi zetu: ombasha alikuwa na tepe moja, shaushi mbili, betshaushi tatu, na soli nne, na juu yao alikuwapo efendi, aliyevaa nyota mabegani. Bibi akikwambia babu yake alikuwa shaushi, amekupa cheo na pia amekudokezea jeshi.

Tahadhari moja: katika jeshi la Kiingereza tepe zilizoshonwa chini ya kiwiko, ncha ikitazama juu, zilikuwa za miaka ya utumishi mwema na wala si za cheo. Watu wengi wamempandisha babu yao hadi usajini kwa kutozitenganisha hizo mbili.

Ana riboni, yaani vitambaa vya nishani, kifuani. Naweza kuzitambua katika picha isiyo na rangi?

Unaweza, lakini usiyaamini macho yako kuhusu weusi na weupe. Filamu nyingi za zamani hazikuuona wekundu. Kitu chekundu kilitoka karibu cheusi, na buluu ilitoka nyepesi, wakati mwingine karibu nyeupe. Kwa hiyo riboni ambayo katikati yake ni nyeusi na kingo zake ni nyepesi huenda kwa kweli ilikuwa na katikati nyekundu na kingo za buluu nzito, kinyume cha utakavyodhani. Badala ya kubahatisha rangi, hesabu mistari, pima upana wake kwa kulinganisha, na angalia kama upande wa kulia unafanana na wa kushoto.

Riboni ya Nyota ya 1939–45, mojawapo ya nishani za vita vya pili, ina sehemu tatu zenye upana sawa: buluu nzito, nyekundu, na buluu nyepesi, kwa hiyo kingo zake mbili hazifanani. Nyota ya Burma ina mstari mpana mwekundu katikati, buluu nzito pande zote mbili, na ndani ya kila buluu mstari mwembamba wa rangi ya machungwa, kwa hiyo pande zake zinafanana. Nyota ya Afrika ina rangi ya mchanga, mstari mpana mwekundu katikati, na mistari miwili myembamba, mmoja buluu nzito na mwingine buluu nyepesi. Waliopigana Ethiopia na Somalia walistahili Nyota ya Afrika, ilhali waliokwenda Madagaska hawakuipata kwa safari hiyo.

Riboni pia ni kalenda. Nyota ya Afrika ilianzishwa mwaka 1943, na ya Burma mwaka 1945, kwa hiyo picha yenye riboni ya Burma haiwezi kuwa imepigwa kabla ya mwaka huo, hata kama nyuma yake pameandikwa 1943 kwa mkono wa mtu mpendwa.

Kama nishani zenyewe zimebaki nyumbani, zigeuze ukingo. Nishani za Waingereza za vita vya kwanza ziliandikwa ukingoni nambari, jina na kikosi cha mhusika, na kuna familia zilizopata jina kamili la babu yao kwa kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu tu. Nyota za vita vya pili walizopewa askari wa Afrika Mashariki kwa kawaida hazikuandikwa jina. Na tafadhali usizisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha, maana herufi zile ni nyembamba na zikifutika hazirudi.

Familia nzima inajua kwamba aliye pichani alipigana Burma. Je, bado nithibitishe?

Ndiyo, na nitaeleza kwa mfano wa nyumbani kwetu. Tunayo picha yenye ukubwa wa kadi ya posta. Kijana amesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, pama limekaa sawasawa kichwani, tepe moja mkononi, mkono wa kulia umegusa mgongo wa kiti kitupu. Miaka yote tuliambiwa, "Huyu ni babu wa Burma." Nilipoikuza niliona kifuani riboni moja tu, yenye kingo pana na mstari mmoja katikati, pande zote mbili sawa. Mtu aliyetoka Burma alistahili angalau riboni tatu: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Burma na Nishani ya Vita. Nilipoibandua picha kutoka kwenye fremu nilikuta nyuma muhuri wa studio ya Kuala Lumpur. Riboni ile ililingana na nishani ya utumishi waliyopewa askari waliopelekwa Malaya, ambako batalioni za Keya zilipigana msituni mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Burma hatukuibuni, hata hivyo. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekwenda huko. Hakuna picha yake iliyosalia, na kwa kuwa kwetu ndugu wote wa kizazi kile ni babu, masimulizi ya mmoja yalihamia kwenye sura ya mwingine. Nilipomweleza shangazi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Basi yule mwingine tumempoteza mara mbili." Tangu siku hiyo tunaandika habari za yule mkubwa katika ukurasa wake mwenyewe, pasipo picha.

Mkanganyiko wa Burma ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Idi Amin mwenyewe alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa mkongwe wa Burma, ilhali aliandikishwa Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Kanuni rahisi ni kulinganisha umri: aliyezaliwa baada ya 1928 hakuwa na nafasi kubwa ya kuwa Burma.

Mtu wetu hana bunduki wala tepe. Je, hakuwa vitani?

Huenda alikuwa katika sehemu ngumu kuliko zote. Katika vita vya kwanza Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, kama lile la Kariokor ya Nairobi, ni kumbukumbu yao, kwa kuwa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Picha zao binafsi ni chache sana, maana hawakuwa na fedha wala nafasi ya kwenda studio. Huonekana katika misururu iliyopigwa na maofisa, nyuso zikiwa ndogo kama punje. Tazama shingoni au kwenye kifundo cha mkono kama kuna kibati cha mviringo, ambacho kilikuwa na nambari ya mpagazi.

Katika vita vya pili walikuwapo madereva, mafundi, wapiga simu, wauguzi na wajenzi wa barabara. Kenya ilitoa watu karibu 98,000, Tanganyika takribani 87,000, na Uganda takribani 77,000, na sehemu kubwa ya hao hawakuwa katika batalioni za bunduki. Mwanamume aliyeegemea lori, mikono imekunjwa, sare safi na spana mkononi, ni mwanajeshi kamili.

Picha inaonekana kama imegeuzwa. Nitajuaje?

Angalia vifungo na nishani. Gwanda la mwanamume hufungwa upande wake wa kushoto ukiwa juu, na nishani huvaliwa kifuani kushoto. Vyote viwili vikiwa kinyume, picha ilichapwa kutoka upande usio sahihi wa filamu na unapaswa kuigeuza kabla ya kusoma chochote. Nishani peke yake zikiwa kulia, huku vifungo viko sawa, fikiria jambo jingine: huenda aliyezivaa ni mwana au ndugu wa marehemu, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya kuvaa nishani za mtu aliyefariki.

Inawezekana sare si yake?

Inawezekana. Vijana waliazimana magwanda ili wapigwe picha, na ndugu aliyekuja likizo aliweza kumvisha mdogo wake pama kwa dakika tano. Dalili zake ni mikono mirefu inayofunika vidole, mshipi uliokazwa kwa tundu lililotobolewa upya, au watu wawili katika picha mbili wakiwa wamevaa gwanda lenye doa lilelile.

Nyuma ya picha pana nini cha kutafuta?

Pana mengi. Muhuri wa studio hukupa mji, na mji hukupa kipindi. Zanzibar na Dar es Salaam zilikuwa na studio maarufu kama ya A. C. Gomes, na Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na mpiga picha Walther Dobbertin, ambaye picha zake za vita zimehifadhiwa katika Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Muhuri wa mji wa India au wa Colombo katika picha ya Mwafrika mwenye sare ni dalili ya wazi ya miaka ya 1943 hadi 1946. Mwandiko wa kalamu ya risasi uliofifia husomeka ukiimulika picha kwa taa kutoka ubavuni, usiku, taa nyingine zikiwa zimezimwa.

Usiibandue picha iliyogandia albamu kwa nguvu. Piga picha ukurasa mzima kwanza, kisha tafuta mtu mwenye ujuzi.

Nawezaje kulinganisha sura ya kijana pichani na mzee ninayemkumbuka?

Acha nywele, ndevu na unene, maana hubadilika. Tazama sikio, yaani umbo la ndewe na mikunjo ya juu, kisha umbali kati ya macho, na namna nyusi zinavyoanza. Kwa watu wa kizazi kile kuna alama nyingine ambazo sisi tunaweza kuzisoma: ndewe zilizotobolewa na kupanuliwa, chale za mashavuni au za paji la uso, meno yaliyochongwa, pengo la meno ya chini. Mzee aliyeishi na mtu mwenye chale tatu kila shavu hatasahau kwamba zilikuwa tatu. Lakini usizitumie kumpangia mtu kabila kwa uhakika, kwa sababu desturi hizo zilivuka mipaka ya makabila.

Programu za akili mnemba zinaweza kunisaidia?

Kwa kupanga na kutafuta picha zinazofanana, kidogo. Kwa kusafisha uso uliofifia, hapana, na hapa nasema kwa msisitizo. Programu hizo haziuoni uso uliopotea. Zinabuni uso mwingine unaoelekea kuwa wa kweli, na beji iliyokuwa ukungu tupu hugeuka beji safi ambayo haikuwahi kuwapo katika jeshi lolote. Rangi zinazowekwa na programu nazo ni za kukisia, kwa hiyo riboni iliyotiwa rangi haina ushahidi wowote. Familia ikitaka nakala iliyopambwa kwa ajili ya ukuta, ifanye hivyo, ila iandikwe wazi nyuma yake kwamba imebadilishwa, na nakala halisi ihifadhiwe kando.

Nitafute jina lake wapi katika nyaraka?

Anza na karatasi za nyumbani: cheti cha kuachishwa jeshi, barua, risiti ya malipo ya baada ya vita, hata kibali cha kusafiri. Kinachotafutwa hasa ni nambari ya jeshi, kwa sababu majina hayakuandikwa kwa uaminifu. Karani aliandika alichosikia, na mtu mmoja aliweza kuwa Juma bin Hamisi katika jeshi, Juma wa kijiji fulani kwenye kodi, na jina jingine kabisa la ukoo nyumbani. Tafuta kila tahajia unayoweza kuifikiria, ukibadilisha l na r, k na c, na ukiondoa irabu ya mwisho.

Nje ya nyumbani, hifadhi za taifa za Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar zina majalada ya serikali za kikoloni kuhusu uandikishaji na malipo. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, ina shajara za vita za batalioni za Keya. Shajara hizo hazitaji askari wa kawaida mara nyingi, lakini zitakuonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani, na hilo hutosha kupima simulizi. Kwa upande wa Wajerumani hali ni ngumu, kwani nyaraka nyingi za jeshi ziliteketea Potsdam mwaka 1945. Inasimuliwa kwamba serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari wake wa zamani, wazee wengi waliofika Mwanza hawakuwa na cheti chochote, wakatambuliwa kwa kupewa fimbo ya ufagio na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani.

Alikufa vitani, lakini jina lake halimo katika orodha. Je, simulizi ni ya uongo?

Hapana. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe mwaka 2021, katika ripoti yake kuhusu kutokuwapo kwa usawa, kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa vita vya kwanza, mnara wa Askari wa Dar es Salaam na ule wa Nairobi ni sanamu zisizo na majina ya watu. Kwa vita vya pili hali ni bora zaidi: waliopotea katika eneo letu wametajwa kwenye mnara uliomo katika makaburi ya vita ya Nairobi, na waliopotea Burma kwenye mnara wa Rangoon katika makaburi ya Taukkyan. Waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, wakiwamo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, nao wamo katika orodha za Tume.

Tume hiyo hupokea majina mapya yenye ushahidi. Simulizi iliyorekodiwa, picha iliyotambuliwa kwa uangalifu na karatasi hata moja yenye nambari ni mwanzo wa kutosha wa kuwaandikia.

Nikishatambua, niandike nini na wapi?

Usiandike kwa kalamu ya wino juu ya picha, wala usiibandike gundi ya karatasi. Iweke katika bahasha ya karatasi isiyo na tindikali, na juu ya bahasha uandike kwa kalamu ya risasi kabla ya kuiingiza picha. Piga skani ya mbele na nyuma kwa doti 600 kwa inchi au zaidi, kisha wape nakala ndugu watatu wanaoishi miji tofauti, kwa kuwa nyumba huungua na simu huibiwa. Andika jina, nani aliyelitaja na lini, ushahidi gani mwingine unaliunga mkono, na nani aliyelipinga. Kwa watu ambao bado hawajatambuliwa katika picha ya kundi, wape nafasi badala ya majina: wa tatu kutoka kushoto, mstari wa nyuma, mwenye tepe mbili na kovu juu ya jicho la kulia.